Viwavi Niliowaokota Chini ya Mikorosho

Nina miaka thelathini na nane. Ni mke wa mtu, mkulima wa korosho na ufuta hapa Naipingo, wilaya ya Nachingwea. Mtoto wa kumzaa mwenyewe sijajaliwa. Mwanaume aliyenioa alikuwa amefiwa na mke, ana binti mmoja tu, Anjela, ambaye wakati naingia katika nyumba ile alikuwa na miaka kumi.

Wasomaji wenzangu, ninachotaka kuwaeleza ni kitu cha kinyaa. Kama unakula, weka sahani pembeni kwanza! Humu kuna viwavi, kuna kinyonga, kuna shimo la choo... na kuna mimi. Kati ya vyote hivyo, kinachonitia kichefuchefu zaidi ni mimi mwenyewe.

Majirani walianza kuniita Mama Anjela tangu wiki ya kwanza, ndivyo desturi ilivyo. Mume wangu naye akaniita hivyo hivyo. Lakini Anjela mwenyewe alikuwa hajaniita mama hata siku moja. Aliniita anti. Anti, chumvi imeisha. Anti, baba anakuita. Shikamoo alinipa kila asubuhi, kuni alileta bila kutumwa, adabu yake ilikuwa kamili... lakini anti! Miaka miwili nasubiri neno moja tu kutoka kwenye kinywa cha mtoto. Ninyi mliozaa mnaweza kujua neno hilo linavyotamaniwa?

Sasa, mtoto huyo alikuwa na kinyonga.

Usishangae. Alimwokota kwenye uzio wa bustani, akiwa mdogo kuliko kidole, miezi michache baada ya mama yake kufariki. Akamjengea kibanda cha vijiti na chandarua chakavu pale barazani. Akamwita Mkaguzi, kwa sababu jicho moja linatazama mbele na jingine linatazama nyuma, na wakaguzi wa shule, alisema, ndivyo wanavyotazama.

Mimi na kinyonga! Nyumbani kwetu Lionja mama yangu alitufundisha kwamba ukimkuta kinyonga njiani unatema mate na kupita mbali. Nikaja kuolewa kwenye nyumba ambayo kinyonga anakaa barazani! Ngozi inabambuka vipande vipande. Mdomo unafunguka, ulimi mrefu wa utelezi unaruka na kurudi na panzi ambaye bado anarusha miguu... Nilikuwa nikimwona wakati wa kula, tonge linakataa kushuka.

Majirani walinong'ona kwamba mtoto yule amerithishwa kitu. Mimi nilimwambia mume wangu amtupe. Akanijibu kwamba tangu msiba, mdudu huyo ndiye kitu pekee kilichomfanya Anjela acheke, kwa hiyo nimvumilie. Nikavumilia kwa kutomtazama. Nilipopita barazani nilipita uso nimeugeuzia ukutani. Anjela alipenda kunisimulia habari za Mkaguzi nikiwa napika, alimwokota vipi, amepona vipi, anafanya nini. Nami naitikia ee, ee, masikio yapo kwake, akili ipo kwenye chungu.

Mwaka jana, likizo ya mwezi wa sita, bibi yake mzaa mama, anayekaa Mandawa wilaya ya Ruangwa, alimwita kwa ajili ya misa ya kumbukumbu ya marehemu. Angekaa huko wiki tatu. Bibi alishatamka wazi kwamba kinyonga asivuke kizingiti chake. Basi Anjela akanijia jikoni, akapiga magoti, akaniomba nimtunzie Mkaguzi.

Mwili ulinisisimka! Lakini nikamtazama mtoto yule, macho yamejaa maji, nikakubali. Akanishika mkono akasema, "Ahsante, mama."

Mama! Mmesikia? Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko, nikalia mpaka ugali ukaungua.

Mchana wa siku ile Anjela alinikalisha bustanini akanifundisha kama ninavyowafundisha watoto komunyo ya kwanza. Panzi wadogo na chenene ndio chakula kikuu. Viwavi wachache tu, na si kila kiwavi! Achukuliwe yule wa kijani, laini, kutoka kwenye kabichi na mchicha wetu ambao hatuuwekei dawa. Wenye manyoya ya kuwasha, hapana. Wenye rangi kali za njano na nyekundu, hapana, rangi ile ni onyo. Wa kwenye majani ya nyanya au tumbaku, hapana, kwa sababu kiwavi hubeba tumboni sumu ya kile alichokula. Hata wale wazuri wakae kwanza siku nzima kwenye kopo lenye majani safi, wajisafishe matumbo. Mambo hayo aliyapata kwa mwalimu wao wa sayansi.

"Na wa chini ya mikorosho usiwaguse kabisa, mama," alisema. "Msimu huu wanapuliza."

Akanitaka nirudie. Nikarudia, neno kwa neno. Akaondoka na pikipiki anacheka.

Wiki ya kwanza nilijitahidi, Mungu ni shahidi yangu. Niliamka, nikavaa mfuko wa nailoni mkononi, nikaenda kwenye kabichi. Ee jamani! Kiwavi ukimshika hata kwa mfuko unamsikia anavyojinyonga kwenye vidole. Mmoja alinipasukia. Uji wa kijani ukaingia kwenye kucha kupitia tundu la mfuko, ukanuka kabichi iliyooza. Nilitapika pale pale tutani. Jioni hiyo nilikula ugali kwa kijiko, na mume wangu akanicheka kwamba nimekuwa mzungu.

Hata hivyo nilikuwa nikimkumbuka anavyosema mama, nguvu zinarudi. Nafungua kibanda, namwaga viwavi huku nimefumba macho, nafunga.

Wiki ya pili mume wangu alileta mashine ya kupulizia pamoja na kibarua mmoja. Hapa kwetu sote tumekulia kwenye vumbi la salfa, ule unga wa njano unaopulizwa mikorosho. Msimu ukifika, salfa iko kwenye nywele, kwenye shuka, kwenye maji ya kunywa. Unapenga kamasi inatoka njano, na mnachekana! Hatujawahi kuona mtu kadondoka kwa salfa. Ndiyo maana kwetu neno dawa ya mikorosho halimtishi mtu. Tunaona ni kitu cha miti.

Lakini siku ile hawakupuliza salfa. Mbu wa mikorosho walikuwa wamezidi, wanafyonza machipukizi yanakauka, kwa hiyo walipuliza dawa ya maji, ile ya kuua wadudu. Nilijua. Nilimwona kibarua akiichanganya na maji, kitambaa amejifunga puani.

Mashine ilipohamia upande wa pili wa shamba, nikapita chini ya mikorosho kwenda kuchuma kisamvu. Nikaona ajabu. Viwavi wanaanguka wenyewe! Tap... tap... juu ya majani makavu. Wanene, laini, wanajikunja taratibu, hawana haraka ya kwenda popote. Hakuna kufunua majani, hakuna kuvuta, hakuna kushika. Nilichukua ufagio na kipande cha boksi, nikawazoa. Kopo la maziwa ya unga lilijaa kabla jasho halijanitoka.

Mtaniuliza, je, ulisahau aliyokuambia mtoto? Hapana. Ningekuwa nimesahau ningepata pa kujitetea. Nilikumbuka, tena nilisikia sauti yake! Nikajiambia, ah, mtoto huyo anazidisha. Sisi tunakula kisamvu cha chini ya mikorosho hiyo hiyo, tumekufa? Kinyaa kiliniambia chukua hao, hutawashika, nami nikakitii. Sikuwaweka hata kwenye majani safi. Nikamwaga.

Mkaguzi alikula. Nilisikia ulimi wake unavyopiga, tap, tap, nikiwa nimegeuzia uso ukutani.

Asubuhi iliyofuata alikuwa bado kwenye kijiti, sikumjali. Ilipofika mchana nikasikia kitu kimeanguka ndani ya kibanda. Nikalazimika kutazama. Alikuwa mweusi, mweusi wa masizi ya chungu, ananing'inia kwa mguu mmoja. Mdomo wazi. Ute mzito wa kijivu unamtoka na kushuka mpaka kwenye sakafu ya kibanda, na vipande vya viwavi ndani yake. Anatetemeka mwili mzima, macho yote mawili yameganda.

Wakati huo huo akapiga hodi Mama Kulwa. Ni mama wa kifugaji, Msukuma, wamehamia huku na ng'ombe wao, na hutuletea maziwa mara moja kwa wiki. Aliweka dumu lake chini, akasogea bila woga wowote, akamgusa Mkaguzi mgongoni kwa kidole.

"Huyu kalishwa dawa, mayu," alisema, yaani mama kwa lugha yao. "Ndama wangu alitetemeka hivi hivi. Alikula majani ya chini ya mikorosho yenu."

Nikamweleza nilichofanya. Hakunisema vibaya. Aliniambia mtoto akirudi nimwambie tu, atalia, kisha yatakwisha, watoto wa wafugaji huliona jambo hilo kila mwaka. Nikaitikia. Nikamwahidi kabisa! Jua halijazama, Mkaguzi akafa.

Sasa sikilizeni uchafu wangu.

Sikumfukia. Wazo la kuchimba hata kashimo kadogo halikunijia. Nilimchota kwa chepe, mkono nimeunyoosha, pua nimeifunga kwa kanga, nikaenda naye chooni nikamtupa shimoni. Nilisikia alivyotua. Nikarudi nikanawa kwa majivu, nikanawa kwa sabuni, nikanawa tena. Mume wangu sikumwambia neno.

Siku zilivyosogea hofu ikanishika. Atakaporudi nimwambie nini? Ataniita anti tena! Nilikuwa nimelipata neno lile kwa siku moja tu, nalo nililipata kwa kukubali kumtunza huyo mdudu... Basi nikafanya ujanja. Kwenye michongoma ya njia ya Lionja nikamwona kinyonga mwingine, kijani, ukubwa ule ule. Nikamsukuma kwa kijiti hadi kwenye ndoo, anavimba, ananizomea kama nyoka, mimi natetemeka nusu nijikojolee. Nikamtia kwenye kibanda. Nikajisemea kinyonga ni kinyonga, nani atajua?

Anjela akarudi. Alianza kuita tangu njiani, "Mama! Mama, nimerudi!" Majirani wakachungulia. Amenibebea njugu mawe kutoka kwa bibi yake, amezifunga kwenye kitenge. Akaniwekea mikononi, akakimbilia barazani.

Nikasubiri kicheko, hakikuja. Nikatoka. Mtoto amesimama mbele ya kibanda, mikono imelegea. Akageuka akaniuliza polepole, "Mama, huyu mkia wake umeota?"

Mkia! Mkaguzi hakuwa na ncha ya mkia. Aliungua kwenye moto wa kusafisha shamba, ndivyo Anjela alivyomwokota, na ndiyo habari aliyonisimulia jikoni mara ngapi sijui, nami naitikia ee, ee. Miaka miwili tunaishi na kiumbe kwenye baraza moja, na mimi kwa kinyaa changu sikuwahi kuona kwamba hana mkia kamili!

Nikajibu ndiyo, umeota. Mijusi huota mikia.

"Kinyonga haoti mkia, mama. Huyu si Mkaguzi. Mkaguzi yuko wapi?"

Nikaapa. Nikataja jina la Mungu, mimi ninayefundisha watoto komunyo! Nikasema ni yule yule. Anjela akaanza kulia kwa sauti, anasema nadanganya, nadanganya. Mume wangu akatoka ndani. Akauliza kuna nini. Nikamwambia mtoto kanirudia na maneno ya huko Ruangwa, ananiita mwongo mbele ya majirani.

Akamzaba kofi. Hajawahi kumpiga tangu mama yake afe. Alimzaba kofi, akamwamuru aniombe radhi.

Nami nilisimama hapo. Njugu mawe zake zipo mikononi mwangu. Ningeweza kusema neno moja, nikanyamaza! Mtoto akafuta kamasi, akapiga magoti, akasema, "Samahani, mama." Neno nililolitamani miaka miwili, safari hii nililipata kwa njia hiyo. Lilinitia kinyaa kuliko kiwavi yeyote.

Jioni hiyo hiyo alimtoa yule kinyonga mgeni, akaenda kumwachia kwenye uzio. Kibanda kikabaki kitupu. Siku tatu mtoto hakusema zaidi ya shikamoo.

Siku ya nne akaja Mama Kulwa na maziwa. Mume wangu alikuwepo, anapanga magunia ya ufuta barazani. Anjela anafagia uwanja. Yule mama akamwona mtoto, akamwendea moja kwa moja, akamshika bega kwa huruma zake zote.

"Pole mwanangu na kinyonga wako. Mimi nilimwona anavyokufa, masikini. Dawa ya mikorosho haina mzaha. Mama yako alishakueleza, eti?"

Ufagio ukamwanguka.

Mume wangu alinitazama mimi, akamtazama Mama Kulwa, akanitazama tena. Akaniuliza kama ni kweli. Sikuwa na pa kukimbilia, nikatikisa kichwa kukubali. Akasema kwa sauti ndogo, si ya kugombeza, na heri angegombeza...

"Umenifanya nimpige mtoto wa marehemu kwa kusema kweli?"

Akatema mate chini, karibu na miguu yangu, akaondoka kwenda shambani.

Anjela hakulia. Aliniuliza tulimzika wapi Mkaguzi. Macho yangu, bila mimi kutaka, yalikwenda upande wa choo. Naye akayafuata.

Alikwenda hadi mlangoni pa choo akasimama. Kisha akainama akatapika, anatapika mpaka maji ya njano, mimi nimeshika kikombe cha maji sijui nikiwa na haki gani ya kumpelekea. Tangu siku hiyo hakuingia tena kwenye choo kile. Alikwenda kwa majirani, hata mvua ikinyesha. Na chakula nilichopika mimi alikiacha. Hakuwa na kiburi, alijaribu kabisa, nilimwona! Alifinyanga tonge, akalipeleka mdomoni, akalitazama, akalirudisha sahanini. Baba yake alipomuuliza akajibu kwamba anaona kinyaa, asamehewe.

Kinyaa! Mtoto ananionea mimi kinyaa, mkono wangu, chungu changu. Ningelalamika kwa nani?

Alikonda. Mwezi wa nane bibi yake akaja mwenyewe kutoka Mandawa. Hakunitukana. Alikunja nguo za mtoto, akasema atasoma huko, wakaondoka. Mume wangu hakuniacha, maana ndoa yetu ni ya kanisani, lakini ameacha kuniita Mama Anjela. Ananiita Sesilia. Majirani nao wamejifunza.

Bwana mifugo nilimsimulia siku moja. Alicheka kwanza, akasema yeye ni wa ng'ombe na kuku, vinyonga hawamo kwenye kazi yake. Kisha akanieleza kwamba kiwavi aliyepuliziwa ni kama kidonge cha sumu, mtu mzima wa kilo sitini hawezi kulinganishwa na mnyama anayekaa kiganjani. Jambo ambalo mtoto wa darasa la sita alishaniambia bure, na nikalirudia neno kwa neno.

Mwezi uliopita nilikata shauri nikaenda Mandawa. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilimkuta Anjela uani, anamenya muhogo wa kuanika. Amekua, amenenepa, uso unang'aa. Aliponiona akasimama, akafuta mikono, akasema, "Shikamoo." Nikaitikia marahaba. Akageukia mlangoni akaita.

"Bibi! Kuna mgeni."

Nilipiga magoti kwenye maganda ya muhogo, mimi mtu mzima, nikamwambia yote. Kwamba nilikumbuka maneno yake na nikayadharau. Kwamba kofi lile lilikuwa langu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema amenisamehe, hana kitu moyoni. Na alisema kweli, nilimwona usoni. Kisha akaniletea maji ya kunywa kwenye bilauri iliyowekwa juu ya kisahani. Nilipoaga, akavaa ndala akanisindikiza mpaka barabarani, kama anavyosindikizwa mgeni yeyote, akanitakia safari njema, akarudi zake kumenya muhogo.

Wenzangu, nawasihi. Kama nyumbani kwako mtoto ana kobe, ana mjusi, ana kinyonga, usimwokotee kiwavi usiyejua amelishia wapi. Kiwavi wa bustani hana baya kama bustani ni safi na yeye ni laini, wa kijani, na ameachwa siku nzima ajisafishe tumbo. Lakini wa manyoya, wa rangi kali, wa kwenye majani ya sumu, na zaidi ya wote yule anayeanguka mwenyewe chini ya mti uliopuliziwa, mwacheni afie hapo hapo! Ukiona chakula cha kiumbe kimepatikana kirahisi hivyo, jiulize kwanza kimekufa kwa nini.

Na wewe mama wa kambo mwenzangu, ambaye bado unasubiri kuitwa... mtazame kiumbe anayependwa na mtoto, hata akikutia kinyaa, mtazame mpaka ujue mkia wake una urefu gani. Na ikitokea umemuua, mwambie mtoto siku hiyo hiyo, kabla hujanawa mikono.